Kuinama Si Kuabudu

Nilikuwa na mwaka wa pili katika mazoezi ya judo hapa Uingereza wakati mzee mmoja wa kanisa aliponiita pembeni baada ya ibada. Alikuwa ameona picha yangu kwenye simu ya mtu: nimevaa nguo nyeupe, nimeinama pembeni ya mkeka. Hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba anayesujudia miungu ya Wajapani hawezi kufundisha shule ya Jumapili. Wiki iliyofuata darasa langu likapewa mwingine.

Siandiki ili nirudishiwe darasa. Naandika kwa sababu tangu siku ile nimeona vijana wawili wakiacha mazoezi kwa kutishwa, na wa tatu akiacha kanisa. Hofu hii inatupotezea watu, wapendwa, na haina msingi katika Maandiko.

Tuanze na huko kuinama. Sisi tuliolelewa Tanzania tunasema shikamoo kila siku, na wazee hutueleza kwamba asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Kwetu Usukumani binti hupiga magoti anapowasalimu wakubwa. Nani amewahi kutuambia kwamba tunamwabudu babu? Tunajua ni heshima kwa sababu mila ile tunaifahamu. Basi kwa nini heshima yetu iwe adabu, na ya Mjapani iwe upagani?

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alikuwa mwalimu. Alitaka mchezo wa kuujenga mwili na tabia pamoja. Ni kweli, darasa lake la kwanza lilikuwa ndani ya hekalu la Kibudha jijini Tokyo, katika chumba cha mikeka 12. Najua wako watakaosema, "Unaona!" Lakini michezo iliyofanyika karibu na Korintho zamani za Paulo iliandaliwa kwa heshima ya Poseidoni, mungu wa bahari wa Wayunani. Hata hivyo Paulo, akiwaandikia watu wa mji huohuo, alijifananisha na mkimbiaji na mpiga ngumi. Hakuona kwamba mbio zimekuwa najisi kwa sababu ya uwanja zilipokimbiwa.

Sisemi kwamba kila kitu ni safi. Kabla ya judo nilijaribu karate, kisha nikajiunga na kundi jingine ambalo mwalimu wake alitaka tuombe mbele ya madhabahu ndogo ya waasisi. Nilimwambia siwezi. Akasema basi nisije, nami sikurudi. Mkristo anapaswa kuuliza na kupima. Naamani, baada ya kuponywa, alimweleza Elisha waziwazi kwamba kazi yake itamlazimu kuinama pamoja na bwana wake katika hekalu la Rimoni. Elisha alimwaga kwa amani. Nabii alimsikiliza mtu kwanza. Sisi tunahukumu kwa picha ya simu.

Wengine wanasema Yesu alitufundisha kugeuza shavu, hivyo kupigana si kwetu. Hao hawajakanyaga mkeka. Wiki zangu za kwanza nilifundishwa kuanguka, si kuangusha. Baadaye nikafundishwa kukaba, na siku hiyohiyo nikafundishwa kuachia: mwenzako akigonga mara mbili kwa kiganja, unaachia papo hapo. Asiyeachia hapati mtu wa kufanya naye mazoezi.

Niseme wazi jambo ambalo hatulisemi mimbarini. Wanaume wetu wengi huku ughaibuni wanafanya kazi za usiku, wanasubiri barua za uhamiaji, wanadharauliwa kazini, na hasira ile inaishia kwa mke na watoto. Tunawaambia waombe, na ni vema waombe. Lakini hatuwaonyeshi mahali pa kujifunza kuitawala mikono yao. Mimi, nikiwa na miaka 43 na mkanda mweupe kiunoni, niliangushwa chali na binti wa miaka 17. Alinivuta mkono nikasimama, tukainamiana, nikamshukuru. Nilikuwa nimefundisha unyenyekevu miaka kumi bila kuangushwa na mtu.

Mwaka 1964, katika Olimpiki ya Tokyo, Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani Akio Kaminaga mbele ya watu wa nchi yake. Washabiki wa Kiholanzi walipotaka kukimbilia mkekani, Geesink aliinua mkono kuwazuia. Kwanza amheshimu aliyeshindwa, shangwe baadaye. Kuinama kule ndiko mnakoita ibada ya sanamu?

Sanamu ilikuwapo, lakini si pale mzee alipoitafuta. Kuna kipindi nilikwenda mashindanoni Jumapili baada ya Jumapili. Nilikosa Meza ya Bwana miezi minne, kwa sababu niliutaka mkanda unaofuata kuliko nilivyoitaka Meza. Hapo ndipo nilipokuwa nimeinama kweli. Wala hakuna mzee aliyeniuliza uko wapi. Mlikagua mgongo wangu pichani, hamkukagua kiti changu kanisani.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na utauwa una faida katika yote. Nakubali kipimo hicho chote. Kidogo si dhambi, na kidogo kisikalie kiti cha utauwa.

Basi mzee wangu, shikamoo. Njoo siku moja ukae kwenye benchi ututazame tukianguka, na uulize lolote. Waache vijana wafanye mazoezi, uwafundishe kupima roho. Na siku ukiona kiti changu kitupu Jumapili, usitafute picha. Nipigie simu.