KITABU KITUPU CHA MALALAMIKO



Wako mabwana wakubwa wa vyuo vikuu wapendao kusema kwamba kwao hakuna msichana anayevunjiwa heshima, kwa kuwa kitabu cha malalamiko hakina jina hata moja. Sisi tunaofagia mabweni yao, tunaopika chakula chao na kulinda malango yao usiku, twasema hoja hiyo haisimami.

Mwaka wa 2016 Tume ya Haki za Binadamu ya Australia iliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu 39 vya nchi ile, na Agosti 2017 ikatoa majibu yao. Waliojibu walipita 30,000. Katika kila 100 waliosumbuliwa kwa mambo ya zinaa chuoni, 94 hawakupeleka malalamiko kwa wakubwa wa chuo. Hata walioshambuliwa kabisa, 87 katika kila 100 walinyamaza. Basi kitabu kitupu chaonyesha nini? Chaonyesha kuwa watu wamwogopa mwenye kukishika. Mfanyakazi hahitaji msomi amweleze hayo. Nani aendaye kumshtaki nyapara mbele ya rafiki yake nyapara?

Kwa hiyo twaunga mkono wanafunzi waulizwe kwa siri, pasipo kuandika jina. Lakini maswali yenyewe yawe maswali ya kweli, na hapa ndipo hila nyingi hupita.

Mwaka wa 1987 Mary Koss wa Marekani na wenzake walitangaza majibu ya wanafunzi 6,159 wa vyuo 32. Hawakuuliza tu, "Je, umebakwa?" Waliuliza matendo: je, mtu alikulazimisha kwa nguvu, je, alikunywesha pombe mpaka usiweze kukataa. Katika wanawake ambao yaliyowapata ni ubakaji kwa sheria, kama robo tu ndio waliouita kwa jina hilo. Wangaliuliza kwa neno moja tu, robo tatu wangalipotea katika hesabu, na wakubwa wangalishukuru.

Basi chuo kikileta karatasi yenye swali, "Je, unaridhika na usalama wa chuo?" huko si kuuliza, ni kupaka ukuta chokaa. Twataka iulizwe hivi: je, mwalimu alikwambia uende nyumbani kwake ndipo upate maksi zako? Je, karani alikuzuilia chumba au cheti mpaka umkubalie? Je, ulishikwa mwili pasipo kutaka, wapi, na nani? Tena wavulana waulizwe pia, kwa kuwa nao huonewa, na wengine ni waonevu.

Mabwana watajibu kwamba wanaojaza karatasi hizo ni wachache. Ni kweli, katika Australia alijibu mtu mmoja hivi katika kila kumi walioulizwa, wala hatusemi kuwa huyo ni sura ya wote. Lakini dawa yake ni kuuliza vizuri zaidi na kurudia, si kufunga sanduku. Na bila kuuliza, chuo kitajuaje kama mafunzo yake ya kuzuia mambo haya yafaa? Katika Kanada wasichana 893 wa vyuo vikuu vitatu waligawanywa: wengine walipewa mafunzo ya saa 12, wengine vijitabu tu. Baada ya mwaka waliulizwa. Waliofunzwa, kama 5 katika kila 100 walikuwa wamebakwa. Wenye vijitabu, karibu 10. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 2015. Chuo kinachobandika tangazo moja ukutani na kusema kimezuia, kituonyeshe hesabu yake.

Tusidhani kuuliza pekee kwatosha. Katika Australia kila chuo kilitoa hesabu yake mwaka wa 2017, lakini ofisi ya taifa ya kupokea malalamiko ya wanafunzi, iliyo nje ya vyuo, ilianza kazi Februari 2025. Miaka zaidi ya saba! Mtoto aliyeingia chuo siku zile alikwisha kutoka zamani.

Sasa twaja kwetu. Wengine hudhani haya ni ya wanafunzi, chama chahusika nini? Binti zetu wamo katika mabweni yale. Tena kibarua wa kike ambaye nyapara ndiye humwandikia kazi kila mwezi, yeye ataulizwa na nani? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kauli iliyoandikwa juu ya usumbufu wa namna hii, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wajumbe wao. Wajumbe hao ndio sisi.

Na tusijidanganye: mwenye kushika funguo za bweni aweza kuwa mwanachama wetu. Chama kitamtetea apate kusikizwa kwa haki, kama kila mtu. Kumficha, hapana.

Twadai wanafunzi na wafanyakazi waulizwe pamoja, na watu wa nje wasiolipwa mshahara na chuo, na hesabu ya kila chuo ibandikwe mahali pa wazi. Makatibu wa matawi ya vyuoni waandike barua mwezi huu kuomba nakala ya kauli ile ya kifungu cha 6. Jibu, au kutojibiwa, lisomwe katika mkutano wa tawi.