Ndoano Zimehesabiwa, Mama Bado

Mmaasai na samaki wapi na wapi? Najua mtauliza. Ewuaso Kedong hatuna ziwa. Tuna vumbi, mbuzi, na mvuke unaofuka kutoka nyufa za Suswa. Wazee wetu samaki hawakumhesabu kuwa chakula. Lakini shuka hadi Kitengela, ingia duka lolote la vyakula vya mifugo, inamia gunia la chakula cha kuku, uvute pumzi. Harufu hiyo ni ya omena, dagaa. Imetoka Ziwa Victoria, na kabla haijafika guniani ilipita mikononi mwa mwanamke. Aliinunua kwa karai alfajiri, akaianika juu ya nyavu kuukuu, akaigeuza jua lilipopanda, akaikimbilia wingu lilipotanda. Ikinyeshewa, haifai tena kwa sufuria ya mtu. Inauzwa kwa bei ya kutupa, ikasagwe, kuku wetu wale. Hasara hiyo ni ya mama peke yake, maana mvuvi keshalipwa na keshaenda kulala.

Haya, mtafuteni mama huyo kwenye takwimu. Tangu mwaka 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi katika Ziwa Victoria, kila baada ya miaka 2 hivi. Huhesabu mitumbwi. Huhesabu injini, nyavu na ukubwa wa macho yake, ndoano, na wavuvi wanaopanda vyombo. Hata vyoo vya ufuoni vina nafasi yao kwenye fomu! Ila fomu yenyewe imejengwa juu ya chombo, na mwenye karai hana chombo.

Watu wa Kajiado tunajua daftari linavyoweza kummaliza mtu. Sheria ya mwaka 1968 ilipoanzisha ranchi za pamoja, walioandikwa kuwa wanachama walikuwa wenye boma, yaani karibu wote wanaume. Mama anayekamua, mama aliyejenga nyumba kwa mikono yake, kwa fito na samadi, hakuandikwa. Hakuna aliyesema hafanyi kazi. Hakuandikwa, basi. Ranchi zilipogawanywa, hati zikafuata majina ya daftarini, na wako wajane waliojua shamba limeuzwa siku walipoona seng'enge imezungushwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipokuja mwaka 2016, sehemu kubwa ilikuwa imeshakatwa vipande. Asiyekuwapo na lake halipo, tunaambiwa. Lakini mama alikuwapo! Ndicho kinachonikera.

Sasa, wakubwa wa takwimu, mnakuja na uvuvi endelevu. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili wazaane. Sipingi, waacheni wazae. Ninachouliza ni hiki: miezi 4 hiyo, aliyekopa chamani ili anunue omena atalipa na nini? Mnajua tani za samaki zinazopatikana majini. Deni linalolala naye mnalijua?

Samaki akiadimika, mwenye mtumbwi ndiye anayechagua mteja. Hapo ndipo jaboya inapoingia, ule mtindo wa mvuvi kudai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki. Jaboya imeandikiwa mengi, kwa sababu ya Ukimwi. Yaani mwanamke wa ziwa ameingia kwenye utafiti kwa mlango wa zahanati. Damu yake imepimwa mara ngapi sijui. Omena yake iliyooza mvua ikinyesha, nani aliipima? Wanawake wa ufuo wa Nduru, kule Nyakach, waliona mapema kwamba kiini cha jaboya ni nani anamiliki chombo. Mwaka 2011 wakaanza kupata boti zao wenyewe, na kikundi wakakipa jina lisilomung'unya maneno: hakuna ngono kwa samaki. Mwenye boti akageuka kuwa mwajiri wa wavuvi. Kisha mafuriko ya 2020 yakaifunika bichi yao.

Kuna BMU, mtasema, kamati za ufuo. Someni miongozo yake ya ziwa zima: wenye mashua asilimia 30, mabaharia asilimia 30, wachuuzi wa samaki asilimia 10. Katika kamati ya watu 9 hadi 15, wanawake wasipungue 3. Wanaouza samaki ni akina nani hasa, kama si wao? Asilimia 10!

Au mtanijibu kwamba siku hizi maabara za uvuvi zina mabinti wasomi. Hongera zao. Lakini binti akikabidhiwa fomu ileile atajaza yaleyale. Kinachotakiwa kubadilika ni swali. Tazameni Zanzibar. Bahari ilipopata joto na mwani ukaanza kufa kwenye maji ya kina kifupi, njia ilikuwa kusogea kwenye kina. Kina kinataka mashua na kuogelea, na wakulima wa mwani wengi mno ni wanawake ambao hawakufunzwa kuogelea. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, hakuishia kupima joto la maji. Alijaribu na wakulima hao nyavu za mirija za kupandia kwenye kina, na akafuata mwani hadi kwenye sabuni wanayotengeneza na kuuza. Huo nauita utafiti wa uvuvi, hata kama hauna ndoano hata moja.

Kwa hiyo, wakubwa wa takwimu, sensa ijayo ongezeni ukurasa mmoja. Nani ameanika? Kilo ngapi? Ngapi zimeharibika, na deni la nani? Mkizunguka fuo zote mkakosa wa kumwuliza, pandeni matatu mje Kitengela. Nitawafungulia gunia, mnuse, kisha tufuate harufu hiyo pamoja hadi kwake.