Hoja za wanaoinyima Mandombe nafasi kwenye kompyuta

Tangu Kinshasa hadi huku kwetu Likasi, maandishi ya Mandombe yakitajwa pamoja na simu au kompyuta, hoja zilezile za kuyapinga huibuka. Zimeachwa bila jibu kwa muda mrefu mno.

Wa kwanza husema Mandombe ni mambo ya Bas-Congo, sisi watu wa Katanga hayatuhusu. Ni kweli David Wabeladio Payi aliyaanzisha Mbanza-Ngungu mwaka 1978, na Kanisa la Kimbangu ndilo lililoyalea. Lakini Simon Kimbangu mwenyewe, ambaye kanisa hilo lina jina lake, alikaa kifungoni miaka 30 na kufia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Oktoba 1951. Waumini wake wako hapa pia, na Mandombe huandika Kiswahili kama inavyoandika Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mtoto wa mvuvi wa Ziwa Tshangalele aliyejifunza maandishi hayo ana haki ya kuandika jina la ziwa lake kwenye simu.

Kwamba ni maandishi ya dini? Herufi za Kiarabu zilifika pwani pamoja na Uislamu, na za Kilatini tulifundishwa na wamisionari. Hakuna aliyezinyima namba kwa sababu hiyo katika Unicode, kiwango kinachoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta.

Wengine hudai fonti inatosha. Fonti isiyo na namba zake huazima za Kilatini: machoni unaona Mandombe, ndani ya faili zimehifadhiwa a, b, c. Mtumie ndugu yako asiye na fonti hiyo, atapokea fujo. Neno halitafutiki, orodha ya majina haipangiki. Ndiyo maana silabi za Kivai za Liberia ziliingizwa katika Unicode mwaka 2008, na za Kibamum, kazi ya Mfalme Njoya wa Kamerun, mwaka 2009.

Hoja inayowatisha wengi ni ya ufundi: eti maumbo ya Mandombe ni mengi na yanageuzwageuzwa, kompyuta itashindwa. Hapa inafaa kutulia. Mandombe imejengwa juu ya maumbo mawili, moja kama 5 na jingine kama 2. Konsonanti zimepangwa kwa makundi. Ndani ya kundi, umbo lilelile likigeuzwa hutoa konsonanti nyingine. Basi tazama b, d, p na q za Kilatini: umbo moja kwa pande nne, na kila moja ina namba yake tangu mwanzo. Kompyuta haihifadhi mchoro, huhifadhi namba. Kuchora ni kazi ya fonti. Silabi “le” inayojirudia mwishoni mwa Tshangalele ingehifadhiwa kwa namba mbili, ya konsonanti na ya irabu, kisha fonti iziunganishe kuwa umbo moja. Kikorea, chenye silabi 11,172 katika Unicode, huweza pia kuandikwa kwa vipande vinavyounganishwa namna hiyo. Kazi ni ngumu, nakubali, lakini ni ugumu uliokwisha kushindwa kwingineko.

Imebaki hoja moja yenye uzito: tusiharakishe. Herufi ikishapewa namba katika Unicode haiondolewi kamwe, wala jina lake halibadilishwi; kosa likiingia litabaki humo. Wanaosema hivyo wana haki. Lakini tahadhari ina maana pale tu kazi inapoendelea. Wataalamu kina Andrij Rovenchak, Helma Pasch na Charles Riley waliandaa rasimu za pendekezo, ikiwemo ya mwaka 2016. Wabeladio alifariki mwaka 2013, kwa hiyo hakuna tena mtu mmoja wa kuulizwa umbo lipi ndilo sahihi. Jibu liko kwa walimu wa Mandombe, wa Nkamba, wa Kinshasa na wa Katanga. Waichukue rasimu hiyo, wabishane umbo kwa umbo, waandike walipokubaliana na walipotofautiana, kisha waipeleke Unicode wao wenyewe.