Kosa Si la Kiingereza

Yako maneno yanayosemwa kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, na wasemao huyatoa kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuiona kesho. Kijana akitamka kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusoma Kiingereza na fasihi yake, baba hutazama chini, mjomba hukohoa, na jirani ambaye hakuulizwa hudakia: "Mwanangu, ukimaliza utakula mashairi?" Watu hucheka. Mimi niliyeshika chaki ya somo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, nimechoka kucheka nao kwa adabu.

Sisemi kijana asipige hesabu. La hasha! Mkopo si sadaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutoa fedha ambazo hurudishwa, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, badala ya asilimia 8 ya awali. Mtoto anayetia sahihi bila kuelezwa jambo hilo amedhulumiwa na wazazi na walimu wake. Ninachodai ni kwamba hesabu ikipigwa, ipigwe yote. Wala lawama isitupiwe somo iwapo mwenye kosa ni mwingine.

Basi na tuipige. Tuchukue wahitimu wawili, kila mmoja ana deni la shilingi milioni 12. Wa kwanza ni mwalimu wa Kiingereza, na tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Wa pili amesomea fani inayosifiwa, naye tuseme analipwa shilingi 2,000,000. Mwalimu atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi, atamaliza baada ya miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Mwenzake atakatwa shilingi 300,000, atamaliza baada ya miezi 40. Deni ni moja, asilimia ni moja, lakini kifungo cha mmoja ni mara mbili na nusu ya kifungo cha mwenzake.

Hayo ni ya leo. Ya jana yalikuwa mazito zaidi. Kwa miaka kadhaa ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Deni lile la milioni 12 lilizaa shilingi 720,000 katika mwaka wa kwanza, na mwalimu wetu alikuwa akilipa shilingi 1,440,000 kwa mwaka mzima. Nusu ya jasho lake ilikuwa ikiliwa na tozo kabla hata deni lenyewe halijaguswa! Kwa mwendo huo angemaliza kati ya mwaka wa 11 na wa 12, akiwa amelipa karibu shilingi milioni 17. Mwenzake mwenye mshahara mnono angemaliza kabla ya miaka minne kutimia, na jumla ya malipo yake isingefika milioni 14. Ndiyo kusema, aliyepata kidogo ndiye aliyetozwa zaidi.

Mei Mosi ya mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile. Ebu tujiulize, msomaji: siku hiyo Kiingereza kilibadilika nini? Hakuna shairi lililopandishwa bei, wala mshahara wa mwalimu haukuongezwa na tangazo hilo. Hata hivyo mwalimu yule yule, mwenye shahada ile ile, alipunguziwa miaka mitatu na ushei ya kukatwa. Iwapo sharti moja likiondolewa mzigo unapungua kiasi hicho, basi mzigo ulikuwa wa masharti, haukuwa wa fasihi.

Wazee wanakumbuka kwamba swali la nini msomi anadaiwa na taifa halikuanza jana. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao wapatao 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana na ukali ule mpaka kesho. Lakini deni la msomi wakati ule lilipimwa kwa muda: miaka miwili kwa daktari, miaka miwili kwa mwalimu. Leo tumelipima kwa fedha, tukaliita sawa.

Kinachoniudhi kupita yote ni unafiki. Mpaka leo masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kidato cha pili husoma usagaji wa chakula tumboni kwa Kiingereza, hujibu mtihani wa jiografia kwa Kiingereza, na asipoelewa swali huandikiwa kuwa ameshindwa jiografia. Huyo daktari na huyo mhandisi tunaowapigia makofi, nani aliyewafungulia lugha ya vitabu vyao? Taifa lililochagua njia hiyo haliwezi tena kumwita mwalimu wa Kiingereza kupe. Miongozo ya mikopo kwa miaka mingi imezitanguliza tiba, uhandisi, na ualimu wa sayansi na hisabati. Sina kinyongo. Nauliza tu, sayansi hiyo mtoto ataisoma kwa lugha ipi?

Dawa ipo, wala haihitaji miujiza. Uingereza, walioanza masomo tangu mwaka 2023 hukatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka tu. Kilicho chini ya hapo hakiguswi, na salio hufutwa baada ya miaka 40. Mfumo wao una kasoro zake, lakini unatambua kwamba mwenye kidogo ale kwanza. Sisi nasi tuweke kiwango ambacho chini yake mshahara hauguswi, na anayefundisha shule ya kijijini apunguziwe deni kwa kila mwaka anaoutumikia.

Nawe kijana unayeipenda lugha, chukua karatasi kabla ya kutia sahihi. Andika deni lote, andika mshahara unaoutarajia, gawanya, uone miezi mingapi. Ukiona unaiweza, nenda ukasome bila kuinamisha kichwa. Na wewe mjomba, badala ya kumcheka mpwa wako, kamuulize mbunge wako kwa nini mwenye mshahara mdogo akatwe asilimia ile ile anayokatwa mwenye mshahara mkubwa.