Anakoroma, au Anakufa?

Mwezi huu nilipanga niandike kuhusu wapenzi kupekuliana meseji, ila simu moja kutoka New York ikanibadilishia mada.

Shoga yangu niliyesoma naye chuo ni nesi kule Bronx. Mume wa jirani yake alitoka kwenye matibabu ya kuacha heroini, akakaa nyumbani wiki tatu, akaapa hagusi tena. Usiku mmoja mkewe akamsikia anakoroma kwa nguvu, kama mtu anayesukutua maji kooni. Akajua ni uchovu, akamfungia mlango asimsumbue. Asubuhi akamkuta keshapoa.

Basi nikaanza kufukua takwimu. Mwaka 2022 zaidi ya watu 3,000 walikufa New York kwa kuzidisha dawa, yaani mmoja kila saa tatu hivi. Katika vifo vinne kati ya kila vitano ilikuwemo fentanili, yenye nguvu kama mara 50 ya heroini. Bronx iliumia kuliko sehemu zote. Mwaka 2024 vifo vilipungua kwa zaidi ya robo, tushukuru. Kilichoninyima usingizi ni hiki: wengi hawafii vichochoroni kama kwenye sinema. Wanafia nyumbani.

Tena aliyeacha ndiye yuko hatarini zaidi akirudia. Mwili umeshasahau dawa, kipimo cha zamani sasa kinazima pumzi. Na anatumia kwa kujificha, si aliahidi? Ule mkoromo wa majimaji ni hewa inagombania kupita. Midomo inakuwa ya kijivu, ukimwita haitiki. Ipo dawa ya kupuliza puani, naloksoni, inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache. Marekani tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari. Lakini utampuliziaje mtu usiyejua kama ameanza tena?

Sasa niseme langu. Mdogo wangu ana miaka miwili hajagusa unga, kila siku anakunywa methadoni yake Muhimbili, kliniki iliyoanza 2011. Siku zote nilimwambia, "Ukirudia tu, usinijue." Nilijiona dada mkali kweli! Juzi nikamwita. "Ikitokea, nipigie mimi kwanza. Sitafoka."

Akacheka kidogo. "Dada, hata saa nane usiku?"

Hata saa nane usiku.

Shemeji yenu kaninunia, eti namlea. Hilo tutalimaliza wenyewe. Tukutane mwezi ujao!