Hesabu Kwanza, Ndipo Usome

Siku hizi vijana kibao mtaani wanajifunza kuandika programu kupitia video, na hilo ni poa sana. Shida ni kwamba wengi wetu tunakimbilia rangi na vitufe, halafu tunaruka jambo la msingi: kusoma agumenti. Hayo ni yale maneno mtu anayoandika kwenye dirisha la amri, lile jeusi, baada ya jina la programu.

Chukua Python. Andika python3 jumla.py 500 50. Programu inapokea orodha iitwayo sys.argv: nafasi ya 0 ni jina la programu, ya 1 ni 500, ya 2 ni 50. Lakini zote ni maandishi, si nambari! Zijumlishe hivyo hivyo na utapata 50050 badala ya 550. Sasa fikiria hizo ni pesa za chama cha mamako. Na je, akisahau kuandika kiasi cha pili? Programu inaanguka papo hapo.

Usidhani haya ni mambo ya wanagenzi tu. Linux ina programu iitwayo pkexec, inayomruhusu mtu kuendesha amri kwa mamlaka ya mwingine. Imeandikwa kwa C, ambapo argc ni idadi ya agumenti na argv ni orodha yenyewe. Walioiandika walichukulia kwamba orodha haiwezi kuwa tupu, kwani jina la programu lipo daima. Kumbe inaweza! Ikiitwa na orodha tupu, pkexec ilisoma nje ya mipaka yake, na mtumiaji wa kawaida akaweza kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Kosa hilo lilikuwepo tangu 2009. Kampuni ya Qualys ililitangaza Januari 2022. Zaidi ya miaka 12, na dawa yenyewe ilikuwa kukagua idadi kwanza!

Makanga mjanja huhesabu abiria kabla ya kuitisha nauli. Nasi tufanye vivyo hivyo: hesabu agumenti, geuza maandishi yawe nambari, na kitu kikikosekana, mwambie mtumiaji kwa lugha rahisi anachopaswa kuandika. Kazi hii haihitaji digrii wala kompyuta ya bei ghali. Inahitaji mistari mitatu, minne hivi, na heshima kwa mtu atakayetegemea programu yako.