Sarafu Haina Kumbukumbu

Nimewaona wenzetu wakipoteza nauli zao katika kamari, kila mmoja akisema, "Nimeliwa mara tano, sasa zamu yangu." Hayo ni makosa. Sarafu haina kumbukumbu: kila irushwapo, uwezekano wa kichwa ni nusu tu.

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa. Kama mmoja amebakiza kushinda mara moja na mwenziwe mara mbili, wa kwanza apewe robo tatu. Hawakubahatisha, walihesabu. Barua hizo ziliweka msingi wa elimu ya uwezekano.

Maoni yangu ni kwamba tufundishwe elimu hiyo mapema, kabla kamari haijatufundisha kwa hasara.